Je, Wajua? Anayezimia kwenye Kitanda cha Damu Hajaishiwa Damu

Je, wajua kwamba mtu akizimia wakati wa kuchangia damu, si kwa sababu damu imemwishia? Mfuko mmoja huchukua mililita 450 hivi, na mtu mzima wa kilo 60 ana lita 4 hivi mwilini. Kinachomwangusha ni amri ya mwili wenyewe. Neva iitwayo vagasi, inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo ghafla. Mishipa ya damu nayo hulegea, damu ikatuama miguuni, presha ikashuka. Ubongo ukipungukiwa damu kwa sekunde chache tu, giza linaingia.

Ndiyo maana wapo wanaozimia wakiwa bado kwenye benchi, sindano hawajaiona.

Je, wajua kwamba hofu ya damu haifanani na hofu nyingine? Ukikutana na nyoka njiani, moyo hukimbia. Mwenye hofu ya damu au sindano, moyo wake hukimbia kidogo kisha hupoa ghafla. Kwa hiyo kumwambia "jikaze, wewe si mwanaume?" hakumsaidii. Hachagui kuzimia, kama vile mtu asivyochagua kupiga chafya.

Je, wajua kwamba mwili hutoa taarifa kabla? Miayo isiyo ya usingizi. Jasho jembamba la baridi. Kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuona ukungu. Kati ya dalili hizo na kuanguka kuna nafasi fupi ya kusema "nesi, najisikia vibaya", naye atachomoa sindano, atakulaza chali na kuinua miguu yako. Wengi huipoteza nafasi hiyo kwa aibu, na hili hunisikitisha kila ninapoliona.

Je, wajua kwamba hatari haiishi sindano inapotoka? Nilijionea huku Nalasi, kusini mwa Tunduru, siku wachukua damu walipokuja kijijini. Dereva mmoja wa bodaboda alichangia vizuri kabisa, akicheka na wenzake. Akainuka mara moja, akapokea soda yake, akaishika bila kuifungua, akaifuata pikipiki iliyokuwa juani. Alipoweka mguu kwenye kiki nikaona midomo yake imebadilika rangi na vitone vya jasho vimejipanga juu ya mdomo. Bibi mmoja aliyekuwa karibu aliwahi kumshika mkono: "Kaa chini mjukuu wangu. Hapo hapo, mchangani." Tukamlaza, miguu tukaiegemeza juu ya gunia la korosho. Kwa sekunde kadhaa mikono yake ilitikisika, na nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba kijana ana mapepo. Haikufika dakika moja akafungua macho, akauliza pikipiki yake iko wapi.

Je, wajua kwamba kule kutikisika ni jambo la kawaida kwa aliyezimia? Ubongo uliopungukiwa damu unaweza kurusha viungo kidogo. Si kifafa, wala hakuna pepo wa kupungwa. Aliyezimia hatakiwi kukalishwa kwenye kiti, kwa sababu ukimkalisha unairudisha damu miguuni. Hatakiwi kunyweshwa maji kabla hajazinduka, maana yanaweza kuingia njia ya hewa. Mlaze, mwinue miguu, mlegeze nguo shingoni, na umati usogee. Asipozinduka baada ya dakika moja au mbili, au akilalamika maumivu ya kifua, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari haraka.

Je, wajua kwamba kuna anayezimia saa kadhaa baadaye, akiwa ameshafika nyumbani? Ukishachangia, kaa kitako dakika 15 hivi, kunywa na kula ulichopewa, kisha inuka polepole. Siku hiyo usipande mkorosho, usibebe gunia, usisimame sana juani. Pikipiki isubiri.

Je, wajua kwamba maji ya kawaida ni kinga? Nusu lita ikinywewa muda mfupi kabla ya sindano huamsha neva zinazobana mishipa ya damu, presha ikapanda kidogo ndani ya dakika chache. Ongeza usingizi wa kutosha na mlo kamili wa asubuhi, uwe uji mzito, mihogo au ugali uliobaki jana. Anayefunga Ramadhani, na huku ni wengi, mwili wake una maji machache ifikapo alasiri. Kwake ni afadhali achangie baada ya futari, au angoje mfungo uishe.

Je, wajua kwamba misuli ya mapaja inaweza kukuokoa? Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, aliwafundisha watu waliokuwa wakizimia kwa kuona damu kukaza misuli ya mwili kwa sekunde kumi na ushee, kulegeza, kisha kukaza tena. Baadaye Blaine Ditto na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakaijaribu mbinu hiyo kwa wachangia damu na kuona inapunguza kizunguzungu. Misuli ikikazwa, inaisukuma damu kutoka miguuni irudi juu. Ukiwa kitandani pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio, legeza, rudia. Mkono wenye sindano uuache utulie. Na usiheme haraka haraka; kuhema kupita kiasi hubana mishipa ya ubongo na kuongeza kizunguzungu chenyewe.

Je, wajua kwamba kuzimia huambukiza kwa macho? Mmoja akianguka mbele ya wenzake, hasa vijana wanaochangia mara ya kwanza, wa pili na wa tatu huwa karibu kufuata. Pazia, au hata kanga iliyotundikwa kati ya vitanda, husaidia sana.

Je, wajua masharti? Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza 2004, unapokea watu wa miaka 18 hadi 65 wenye uzito usiopungua kilo 50. Uzito huo una sababu: mwenye mwili mdogo ana damu kidogo, na mililita 450 zilezile humgusa zaidi. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Sehemu ya majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Juisi ya rozela ni nzuri, lakini wekundu wake pekee hauwi damu. Kula dagaa, maharage, maini ukiyapata.

Je, wajua damu hiyo huenda wapi? Hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha hupelekwa wodini. Huwafikia akina mama waliotokwa damu nyingi wakijifungua, na watoto ambao malaria imewaacha weupe viganjani. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye ubaridi hudumu siku 35 hivi, kwa hiyo akiba ya mwezi huu haifiki mbali.

Je, wajua kwamba aliyezimia mara moja, mara nyingi harudi tena kuchangia? Hilo ndilo pengo kubwa kuliko mfuko mmoja uliokatishwa. Yule kijana wa bodaboda nilidhani tumempoteza. Wachukua damu waliporudi nilimkuta kwenye foleni, chupa ya maji mkononi imebaki nusu. Akamwambia nesi kabla hajaulizwa: "Mimi nilizimia mara ile." Nesi akamlaza kitanda cha pembeni, akamwonyesha namna ya kupishanisha miguu.

Nikatafuta pikipiki yake kwa macho. Safari hii alikuja kwa miguu.