Kitabu ni cha bure, njia ndiyo inayouzwa

Shule zilipofungwa mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, walimu wengi nchini waliendeleza masomo kupitia WhatsApp. Lakini mwalimu alipotuma kiungo cha kitabu kilichohifadhiwa katika tovuti nyingine, mwanafunzi aliyenunua bando la WhatsApp pekee alikiona, akakibonyeza, wala hakikufunguka. Kitabu chenyewe kilikuwa cha bure.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wa usawa wa mtandao, dhana iliyopewa jina mwaka 2003 na mtaalamu wa sheria wa Marekani, Tim Wu. Kanuni yenyewe ni nyepesi: mwenye mnara au waya wa mawasiliano asibague yanayopita humo. Asiiharakishe tovuti ya tajiri na kuichelewesha ya maskini, wala asiitoze hii na kuisamehe ile.

Wapo watakaosema kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2014, Facebook ilipoleta huduma yake ya Internet.org humu nchini kwa ushirikiano na kampuni ya Airtel, wateja walizifikia tovuti kadhaa bila kulipia data. Nani angekataa cha bure?

Wahindi walikataa. Huduma iyo hiyo, ikiwa imekwisha kubadilishwa jina na kuitwa Free Basics, ilizua mtafaruku mkubwa nchini India. Wapinzani wake waliuliza: ni nani aliyempa mfanyabiashara mmoja idhini ya kuwachagulia maskini cha kusoma? Tarehe 8 Februari 2016, mamlaka ya mawasiliano ya huko, TRAI, ilipiga marufuku bei za data zinazotofautiana kulingana na kinachosomwa. Mkaidi angetozwa faini ya rupia 50,000 kwa kila siku ya ukiukaji.

Ifahamike kwamba India haikukataza data nafuu. Kampuni ingeweza kuuza kipimo kidogo, hata kukitoa bure, mradi mteja mwenyewe aamue aendako.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na ianzie papo hapo. Mwanafunzi mwenye shilingi ishirini anaweza kuzimalizia katika porojo (nami simlaumu sana, porojo ina utamu wake), lakini siku atakapotaka kamusi, shilingi zizo hizo zimfungulie kamusi.