Ahadi ya Damu Hufungwa Nyumbani

Daktari akitamka kwamba mgonjwa wetu ahitaji damu, hatuulizani. Ndugu hujitokeza, na jirani, na rafiki, kila mmoja akikunja mkono wa kanzu. Lakini mtu huyo huyo, akiambiwa siku ya salama aende akatoe damu kwa ajili ya asiyemjua, hutafuta udhuru. Moyo wake ni ule ule. Ila siku ile alikuwa na watu wake ubavuni, na leo ameitwa peke yake.

Wachunguzi wa nchi nyingi wameliona jambo hili: wengi watoao damu mara ya kwanza huitwa na mtu wamjuaye, au hufuatana naye. Na neno moja la nyumbani, "utaishiwa na nguvu," humrudisha mtu mlangoni.

Ndugu msomaji, fikiri hali ya Ibaba, katika milima ya Ileje, Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Huko milimani mzazi akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, saa zake ni chache na safari ni ndefu. Kutokwa na damu huko ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi nchini Tanzania. Basi damu ya kumwokoa yapasa iwe imekwisha kutolewa kabla ya uchungu kumshika, nayo imekwisha kupimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Kazi hiyo katika Nyanda za Juu Kusini husimamiwa na kituo cha Damu Salama kilichoko Mbeya.

Tena akiba hiyo haidumu. Damu nzima huwekwa katika baridi kwa muda wa siku 35 hivi, kisha haifai. Kwa hiyo anayehitajiwa khasa ni yule arudiye: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, akiwa na afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50. Kinachotolewa hakifiki nusu lita, na mwili hukirudisha.

Wanazuoni wa zama zetu wameeleza kwamba kutoa damu kwa hiari ili kuokoa roho kwajuzu, maadamu mtoaji hadhuriki. Kuiuza ndiko kulikokatazwa.

Limebaki la nyumbani. Mume amwambie mkewe, "Twende pamoja." Mama asimtishe kijana wake, bali amwekee uji na maji ya kunywa arudipo. Wazee wa msikiti wapange siku, wao wenyewe watangulie, na vijana wafuate. Baada ya miezi mitatu, mmoja amkumbushe mwenziwe. Hapo mzazi wa Ibaba atakuta damu yamngoja, imetolewa na watu asiowajua.