Lugha ya Mapishi katika Madaftari ya Nyumbani

Vitabu vya mapishi ni vya namna mbili zisizofanana. Namna ya kwanza ni ile iliyotungwa na mpishi stadi, mwenye kazi yake hotelini au katika nyumba ya wakuu, akiwaandikia watu asiowajua. Namna ya pili ni vitabu na madaftari yaliyokusanywa na watu wasiojiita wapishi: wanawake wa chama kimoja, wa ibada moja, au wa nyumba moja tu, kila mmoja akitoa lile alilolizoea. Makala haya yahusu namna ya pili, na hasa Kiswahili kilichomo ndani yake. Nakusudia kuonyesha ya kuwa maandishi hayo, ambayo wengi wetu tumeyapita kwa kuyaona mepesi, yamebeba lugha ya ufundi iliyo kamili. Na ya kuwa wepesi wake ni wa juu juu tu. Maneno ni machache kwa sababu msomaji alikwisha kudhaniwa kuwa ajua mengi.

Desturi ya kukusanya mapishi kijumuiya yafahamika sana katika Marekani. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yalifanywa maonyesho makubwa mjini Philadelphia ili kupata fedha za kuwasaidia askari wagonjwa na majeruhi wa Kaskazini. Humo kiliuzwa kitabu cha Maria J. Moss, A Poetical Cook-Book. Tangu hapo jambo hilo likaenea: akina mama huchanga mapishi kama watu wachangavyo fedha, mara nyingi kila mmoja akitia jina lake chini ya pishi lake, kitabu kikauzwa, na kipato kikatumiwa kwa haja ya wote. Kilichopata sifa kubwa ni The Settlement Cook Book cha Milwaukee, mwaka 1901, kilichokusanywa na Lizzie Black Kander kwa ajili ya kuwafundisha binti za wahamiaji. Yasemwa kuwa wakuu wa nyumba ile ya mafunzo walikataa kutoa dola 18 za kukipiga chapa, na wanawake wakazipata kwa kuuza nafasi za matangazo. Kitabu kikaishi miongo mingi baada ya wakuu wale.

Walowezi wa Kizungu waliileta desturi hiyo Afrika ya Mashariki. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's, Nairobi, kilitoa The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, nacho kikarudiwa kupigwa chapa mara nyingi. Kitabu kile kilimkusudia bibi mwenye nyumba. Walakini mkono uliopika mara nyingi ulikuwa wa mpishi Mwafrika, na maagizo kati yao yalipita kwa Kiswahili, kizuri au kibovu. Hiyo ni njia mojawapo iliyotuletea rosti, pudini, kastadi na keki. Katlesi nazo zimekwisha kuwa zetu kabisa, hata mtu wa pwani aweza kushangaa akiambiwa ya kuwa zilikuja kwa meli.

Jiko la Mswahili lilikuwa na maandishi yake lenyewe, ila hayo hayakupata mpiga chapa. Ni daftari la shule, kurasa zake zimeingia samli, halina mpangilio wala yaliyomo. Mwenye daftari huandika pishi kwa jina la aliyempa: keki ya shangazi, vileja vya bibi, halua ya mama fulani, na katika hilo hatofautiani na wanawake wa Philadelphia. Mwali anapoolewa hunakili la mama yake, au hupewa na somo wake mambo machache ya kuanzia. Anayelifungua daftari kama hilo kwa mara ya kwanza hustaajabu kwa jambo moja: vyakula vya kila siku havimo. Si kawaida kuona limeandikwa pishi la wali wa nazi, wala la mchuzi wa samaki, wala la mchicha. Kilichoandikwa ni kile kilicho kigeni, au cha sikukuu, au kile ambacho kikikosewa sukari kitaaibisha mbele ya wageni. Wali kila binti alikwisha kuupika kabla hajajua kushika kalamu. Kwa hiyo anayetaka kuijua lugha ya chakula chetu asidhani ya kuwa daftari lamtosha; lamwonyesha ukingo wa kisima, si maji.

Na hata kilichoandikwa chahitaji sherehe. Tuchukue mfano, niliouandika mwenyewe kwa kufuata namna ya madaftari hayo:

Mkate wa kumimina. Mchele kibaba, nazi moja, sukari kiasi, hamira, iliki. Roweka, saga kwa tui zito, umua, mimina, upalie.

Maneno hayafiki ishirini, wala hapana linalokosekana kwa yule aliyekusudiwa. Yeye ajua ya kuwa mchele hurowekwa usiku kucha. Ya kuwa nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa katika kifumbu au chujio. Ya kuwa tui zito ni lile la mkamuo wa kwanza, lenye maji machache, ambalo likikamuliwa bila maji kabisa huitwa kasimile. Na ya kuwa machicha hayatupwi kabla ya kutolewa tui la pili. Ajua ya kuwa kuumua ni kuuacha mchanganyiko mahali pa joto hata uumuke, yaani ujae povu na kupanda. Ajua ya kuwa sufuria hupakwa samli na kupata moto kwanza, ndipo akamimina. Na ya kuwa huungoja mkate ushike chini na kutoa vitundu juu, kisha ndipo akapalia, maana yake akaweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili uive kwa juu na kupata rangi. Neno moja, palia, limebeba chombo, nishati, wakati na sura ya mkate. Mjukuu aliye katika nyumba ya ghorofa, mwenye jiko la gesi, akisoma "upalie" husimama hapo hapo.

Vipimo ndivyo vinavyowasumbua zaidi wasomaji wa leo. Kibaba, kisaga na pishi si maneno ya kukisia. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hukikadiria kibaba cha nafaka kuwa ratli moja na nusu hivi, ambayo ni karibu gramu 680. Lakini kibaba ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na kibaba cha unga si sawa na kibaba cha mchele. Mtu anayegeuza kila kibaba kuwa gramu 680 atapata mkate mgumu na kumlaumu marehemu bibi yake. Zaidi ya hayo neno pishi lina kazi mbili, kipimo na namna ya kupika, hata "pishi la vileja" na "pishi ya mchele" hutenganishwa na upatanisho wa kisarufi peke yake, na mwandishi wa daftari si mara zote aliyeujali. Baada ya vyombo hivyo huja mkono: konzi ni kadiri ya ngumi iliyofumbwa, ukufi ni kile kinachokaa juu ya kiganja, chopa ni cha kushikwa kwa vidole. Maji ya wali hupimwa kwa pingili ya kidole juu ya mchele. Ndipo likaja kopo la maziwa, lililokuwa tupu na la bure, likawa kipimo katika nyumba nyingi. Tena viko vitu vilivyoandikwa kwa bei, mathalani bizari za senti kadhaa, na hapo mtafiti hana budi kumtafuta mchumi.

"Kiasi" wengi hulicheka, wakidhani ni ishara ya uvivu. Mimi naona kinyume. Neno hili halina maana ya "kidogo" wala ya "upendavyo". Maana yake ni kadiri inayostahili, na kadiri hiyo hujulikana kwa alama nyingine katika lugha, nayo ni kukolea. Chumvi hukolea, sukari hukolea, rangi ya kitambaa hukolea, hata maneno na mazungumzo hukolea. Aandikaye "chumvi kiasi" amemwamuru msomaji aonje. Hilo ni agizo, tena si jepesi.

Tukija kwenye vitenzi twaona utajiri ambao vitabu vilivyopigwa chapa siku hizi vimeuacha karibu wote. Humo chakula "huwekwa jikoni", "huchemshwa", na "hutolewa". Nyumbani chungu huinjikwa au huteleka mtu mwenyewe, na kikishaiva huipuliwa au huepuliwa. Jozi hii ya kuteleka na kuipua haiwezi kubadilishwa na kuweka na kutoa pasipo hasara, kwa sababu kila moja hutaja moto bila kuutaja. Kuchemsha ni jina la jumla. Kutokosa ni kupika kwa maji matupu. Kupwaza ni hali kadhalika, na hutajwa hasa kwa mihogo, maboga na ndizi. Samaki hubanikwa, na aliyeanzisha neno hilo alimwona samaki amebanwa katika kijiti kilichopasuliwa, si amelazwa juu ya waya. Ugali husongwa, uji hukorogwa, unga wa chapati hukandwa kisha ukasukumwa.

Kitenzi ninachokipenda kuliko vyote ni kuunga. Kuunga ni kuunganisha. Jikoni ni kukitia chakula tui, au vitunguu na mafuta, hata kile kilichokuwa majani na maji kikawa kitu kimoja. Kutoka hapo twapata kiungo cha mchuzi, kama vile tupatavyo kiungo cha mwili. Mchicha usioungwa haukukosa ladha tu. Kwa mujibu wa lugha, haujashikamana. Sijui kama mpishi hulifikiri hilo, lakini mtunga kamusi yampasa alifikiri kabla hajaandika "viungo: vitu vya kutia ladha" na kufunga ukurasa.

Sarufi ya mapishi nayo haijapata kushughulikiwa ipasavyo. Vitabu vya shule na vya mafunzo ya akina mama, kama yale yaliyoendeshwa na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake nchini Kenya tangu mwaka 1952, vilielekea kwenye amri fupi: chukua, kata, changanya. Anayesimulia pishi kwa mdomo haamrishi hivyo. Huanza kwa hu- ya mazoea, "vitunguu hukatwa", kisha huhamia kwenye -ka-, "ukakaanga, ukatia thomu, ukaacha", na anapofika mahali pa hatari hutumia dhamiri tegemezi: "usiufunue", "uangalie usishike". Dakika hazitajwi. Kila hatua hukomeshwa na mpaka au hata, na baada yake huja alama ya macho, pua au sikio: mpaka vitunguu viwe vyekundu, hata mafuta yaelee juu, mpaka maji yakauke na wali uanze kutoa sauti. Ni muundo wenye nidhamu, na hadithi zetu zimejengwa kwa vifaa hivyo hivyo. Mhariri anayegeuza yote kuwa amri na dakika ameandika pishi jingine.

Majina ya viungo ndipo penye makosa yasiyosameheka, kwa kuwa makosa yake huliwa. Bizari ni neno moja kwa mbegu na mizizi mbalimbali. Cuminum cyminum huitwa bizari ya pilau, au bizari nyembamba, na Unguja uzile. Lakini yuko asemaye bizari, au binzari, bila nyongeza, naye akusudia manjano. Daftari likiandika "bizari kijiko kimoja" katika pilau hapana shida, pilau yenyewe hueleza. Likiandika hivyo katika mchuzi, yatupasa kujua mwandishi alizaliwa wapi. Giligilani ya mtu mmoja ni dania ya mwingine. Kwa baadhi ya watu majani yake ni kotmiri na mbegu zina jina lake, kwa wengine jina moja hutosha kwa yote mawili. Ikiwa daftari limeandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani, huzidi tatizo la herufi, maana p na b mara nyingi huandikwa kwa alama moja.

Familia zilizohama zimeanza kuyatoa maandishi yao. Noorbanu Nimji, aliyetoka Kenya akahamia Kanada, alitoa A Spicy Touch huko Calgary mwaka 1986, na mapishi ya Waismailia wa Afrika ya Mashariki yakapata kitabu. Kazi za namna hiyo ni za kushukuriwa, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, na neno palia halimo katika Kiingereza. Kwa upande wa Kiswahili kazi ni ya kunakili madaftari kama yalivyo, pamoja na tahajia yake, vipimo vyake na majina ya waliotoa mapishi, na kuandika kando mahali daftari lilipotungwa. Kusanifisha kwaweza kungoja.

Kisha mtafiti aende jikoni akaketi juu ya mbuzi. Akiuliza "hiki huitwaje?" atapata majina ya vyombo, ambayo mengi tunayo kamusini. Afadhali aulize, "Bibi, nikiharibu utaniambiaje?" Ndipo atakaposikia ya kuwa wali uliozidi maji ni mashendea, ulioiva mno ukalainika ni bwabwa, ulioshika chini umetoa ukoko, ambao watoto huugombea, na ule uliokubali, kila punje peke yake, umechambuka.