Fahamu Jinsi Popo Wanavyochunguzwa Kubaini Virusi vya Korona

Wakazi wa Sakina na maeneo mengine yanayozunguka Mlima Meru, ambao popo wameweka makazi katika mapaa ya nyumba zao, wanapaswa kufahamu kuwa kuwaua wanyama hao hakuondoi hatari ya magonjwa. Kitendo hicho humkutanisha binadamu na mate, mkojo na kinyesi cha popo, na waliosalia hutawanyika kwenda kwenye makazi mengine.

Jambo hili lina uzito mkoani Arusha. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, aliyetangazwa Machi 16, 2020, alilazwa katika Hospitali ya Mount Meru. Hata hivyo, alikuwa msafiri aliyetokea Ubelgiji. Ugonjwa uliingia kwa safari, si kupitia popo wa Arusha.

Virusi vya jamii ya korona vipo kwa popo wa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 watafiti walichapisha taarifa ya popo wa Kenya waliokutwa na virusi hivyo, vikiwemo vyenye uhusiano na SARS. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya popo wa Uganda aliyekuwa na kirusi kinachofanana na cha MERS, ingawa majaribio ya maabara hayakuonesha kuwa kinaingia kwa urahisi katika seli za binadamu.

Katika uchunguzi, wataalamu waliovaa mavazi ya kinga hutega nyavu laini jioni, huchukua sampuli za mate na kinyesi, kisha humwachia popo akiwa hai. Sampuli huhifadhiwa kwenye baridi kali na kupelekwa maabara, ambako vinasaba vya kirusi husomwa na kulinganishwa na vile vinavyojulikana.

Ulinganisho huo ni muhimu kwa sababu virusi vya korona hubadilika vinapojinakili, na aina mbili zikikutana ndani ya mnyama mmoja zinaweza kubadilishana sehemu za vinasaba. Kuzifahamu mapema huwezesha maabara kuandaa vipimo.

Popo hula wadudu waharibifu na huchavusha mimea, ukiwemo mbuyu. Wananchi wanashauriwa kutowashika, kuziba mianya ya paa baada ya popo kuondoka, na kulowesha kinyesi kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukiondoa.

Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya. Ushauri hutolewa bila malipo kupitia namba 199.