Fahamu: Hamira ndiyo inayoamua ladha ya bia

Loweka maganda ya nanasi la Kiwangwa kwenye maji ya sukari. Kwa joto la pwani, baada ya siku mbili tatu yataanza kutoa povu. Hamira asilia za kwenye maganda hula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi. Tembo la mnazi huchacha hivyohivyo, tena ndani ya saa chache; likikaa sana, bakteria huligeuza siki.

Kiwandani hamira huchaguliwa. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alifanikiwa kuotesha hamira safi ya aina moja. Bia za laga, kama Kilimanjaro na Safari, hutumia hamira ipendayo baridi, takriban nyuzi 7 hadi 13. Huchachuka polepole, ladha ikabaki nyepesi. Bia za eli huchachuka haraka, nyuzi 15 hadi 24, na kuacha harufu ya matunda. Ajabu kubwa kwangu ni bia za ngano za Ujerumani: hunukia ndizi mbivu bila kuwa na ndizi, kazi ya hamira tupu. Mbege ya Wachagga ndiyo yenye ndizi hasa, pamoja na ulezi.

Ukijaribu kuchachusha maganda ya nanasi nyumbani, usikaze kifuniko: gesi ikikosa njia, chupa hupasuka.