Tuzo za Wanafunzi Bora: Kweli au Si Kweli?

Mwishoni mwa mwaka, msimu wa mahafali unapofika Arusha, barabara ya kuelekea Moshi hujaa majoho. Tengeru iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Usa River viko Tumaini Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha, na upande wa Njiro kuna Chuo cha Uhasibu. Kila chuo kina siku yake, na kila siku ina saa ya kuita majina: huyu kaongoza katika fani fulani, yule ndiye msichana aliyefanya vizuri kuliko wote. Meza kuu wameketi wajumbe wa Baraza la chuo, ambao wazazi wengi huwaona siku hiyo tu. Chini ya mahema, soda zikigawiwa, maneno nayo huanza. Bila shaka umeyasikia. Baadhi yana ukweli, mengine hayana, na kwa kuwa yanagusa ada za watu na juhudi za watoto wao, tuyapime moja baada ya jingine.

“Baraza la chuo ndilo linalochagua mwanafunzi bora.”

Si kweli. Baraza halisahihishi mtihani wala haligawi alama. Vyuo vikuu vyetu vinafuata Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na kazi zimegawanywa. Seneti, yaani wanataaluma wenyewe, hushughulika na mitaala, mitihani na matokeo. Baraza hushika sera, fedha, majengo, ajira na mwelekeo wa chuo kizima. Matokeo huanzia idarani, hukaguliwa na watahini wa nje, hupanda ngazi hadi Seneti ikayathibitisha. Jina linaposomwa mbele ya meza ya zawadi, hesabu imekwisha kufungwa zamani. GPA ya 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, ya 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na mjumbe anayekabidhi cheti hana uwezo wa kuongeza hata nukta moja.

Kwa hiyo ukiwa na kijana anayeona ameonewa alama, usipoteze nauli kumtafuta mwenyekiti wa Baraza. Rufaa ya mtihani ina njia yake, na mlango wake wa kwanza ni idara.

“Wajumbe huja kula posho, basi.”

Si kweli, ingawa mashaka hayo hayakuzuka hewani. Baraza ndilo linalopitisha bajeti na mpango mkakati. Uongozi wa chuo hujieleza mbele yake, na taarifa za ukaguzi hufika mezani kwake. Wajumbe wengi hutoka nje ya chuo, makusudi, ili wanaoendesha chuo wasijikague wenyewe. Wanafunzi nao wana uwakilishi humo, jambo ambalo wanafunzi wengi wenyewe hawalijui.

Juu ya bodi za taasisi za umma yupo Msajili wa Hazina. Agosti 2023 aliwakutanisha wenyeviti wa bodi na wakuu wa taasisi hizo papa hapa Arusha, katika ukumbi wa AICC, na mwaka uliofuata wakarudi hapo hapo kuulizana utendaji wao. Yupo pia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake hufikishwa bungeni kila mwaka na raia yeyote anaweza kuzisoma. Posho ipo, hakuna anayeificha. Lakini bodi hupimwa kwa maamuzi yake: maabara iliyokwama imekamilika? Nafasi za wahadhiri zimejazwa? Hoja za mkaguzi zimejibiwa? Anayelalamikia posho bila kuuliza hayo hajaisaidia bodi wala wanafunzi.

“Chuo kisichoitwa ‘chuo kikuu’ hakiwezi kutoa shahada.”

Si kweli, na hili ni jepesi. Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, hakina neno “kikuu” kwenye jina lake na kinatoa shahada halali. Angalia ithibati ya programu, usiangalie kibao cha getini.

“Chanda chema huvikwa pete.”

Kweli, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wazee wetu walivyoweza kudhani. Mwaka 2001, magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, shirika moja liliahidi tuzo kwa wasichana wa darasa la sita. Shule zilizoshiriki zilichaguliwa kwa kura, ili zilinganishwe kwa haki na zile ambazo hazikupata bahati hiyo. Asilimia 15 ya wasichana waliofanya vizuri zaidi walilipiwa karo ya shilingi 500 za Kenya kwa mwaka, wazazi wao wakapewa shilingi 1,000 za vifaa vya shule, kwa miaka miwili. Kisha palikuwa na jambo ambalo mtu wa Arusha atalitambua mara moja: mkutano wa hadhara wa kuwapongeza, mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa serikali za mitaa.

Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na wenzake Edward Miguel na Rebecca Thornton, walifuatilia matokeo. Alama za wasichana zilipanda. Zilipanda hata kwa wale waliokuwa nyuma kiasi kwamba tuzo ilikuwa mbali nao. Dalili za kupanda zilionekana hata kwa wavulana, ambao hawakuahidiwa kitu. Na huko Busia walimu walianza kuonekana darasani mara nyingi zaidi. Pete ilivikwa kidole kimoja na mkono mzima ukanufaika.

Lakini mkasa wa Teso unafundisha zaidi, na ndio ulionifanya niupende utafiti huu. Huko matokeo hayakuwa bayana. Juni 2001 radi ilipiga shule moja ya msingi na kuua wanafunzi 7. Shule hiyo haikuwa kwenye mpango wa tuzo, ila shirika lile lile lilikuwa likiisaidia kwa jambo jingine. Minong'ono ikaenea kwamba shirika ndilo lililoleta balaa, wazazi wakaingiwa na hofu, baadhi ya shule zikajitoa. Tuzo ile ile, kanuni zile zile, wilaya mbili jirani. Palipokuwa na imani ilifanya kazi; ilipopotea, nguvu ya tuzo nayo ilififia. Chuo kinachotoa zawadi ambazo hakuna anayejua zilipatikanaje kingefaa kuutazama mkasa huo kwa makini.

“Zawadi ikinona, bidii huongezeka.”

Si kweli. Roland Fryer wa Harvard alisimamia majaribio makubwa katika miji ya Marekani na kuyachapisha mwaka 2011. Jijini New York wanafunzi waliahidiwa fedha wakipata alama za juu: alama hazikusogea. Jijini Dallas watoto walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, kiasi kidogo mno, na uelewa wa kusoma ukapanda kwa wale waliopimwa kwa Kiingereza. Wale wa New York walizitaka fedha kwelikweli. Walipoulizwa watafanya nini ili alama zipande, hawakuwa na jibu la maana. Wa Dallas walijua la kufanya leo jioni: fungua kitabu.

Kuna pia jaribio la kale kidogo, la mwaka 1973. Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Wengine wakaahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora, wengine wakapewa cheti hicho bila kutarajia, wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki moja au mbili, walioahidiwa walichora kwa muda wa takriban nusu tu ya wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu. Mzazi anayemwahidi kijana simu mpya kwa kila A ajue kwamba anaweza kununua alama za muhula mmoja na kuuza hamu ya kusoma ya miaka.

“NECTA iliacha kutangaza wanafunzi bora, kwa hiyo serikali imeona tuzo hazifai.”

Si kweli. Ni kweli kwamba Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalipotangazwa, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule 10 bora na watahiniwa walioongoza. Hoja ilikuwa kwamba orodha hiyo haina tija, na kwamba ilizitangazia shule biashara. Naona hoja hiyo ina uzito: mtoto wa shule ya kata iliyo na mwalimu mmoja wa fizikia hashindani sawa na wa shule ya mamilioni. Lakini katika mwaka wa masomo wa 2022/2023 serikali hiyo hiyo ilianzisha ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Mwaka 2025 ufadhili huo ulipanuliwa hadi sayansi ya data na akili mnemba, na vijana waliochaguliwa wakaletwa Nelson Mandela, Tengeru, kwa maandalizi. Kilichoachwa ni matangazo ya majina. Kumsaidia aliyefanya vizuri kuendelea mbele kumebaki, na ndiko hasa kwenye faida.

“Waliopata daraja la kwanza huishia kuajiriwa na waliodisko.”

Si kweli. Kila mtu anamfahamu mmoja aliyedisko akatajirika, kwa sababu kisa chake ni cha kusimuliwa; waliodisko na kuhangaika ni wengi na hakuna anayewasimulia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Philip Roth na wenzake mwaka 1996 ulionyesha kwamba wenye alama nzuri chuoni hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kiasi cha wastani, na tofauti hiyo hupungua miaka inavyopita. Hapo ndipo wenye methali zao za maisha wanapopata haki kidogo: GPA humfungulia kijana mlango wa kwanza. Haimfungulii yote. Lakini kumwambia mtoto aache kupiga msuli kwa sababu fulani wa mtaani ana maghorofa ni kumdhulumu.

“Vikao vya chuo na zawadi zake havimhusu mkulima wa Meru.”

Si kweli, na hapa naomba msomaji akae nami kidogo. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake hubeba madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi vya maeneo haya hupita hapo kwa mbali. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia, na kwa waliokunywa kwa miaka mingi, mifupa kupinda. Mgeni akikuambia ni uchafu wa kinywa, mjibu bila kusita kwamba si kweli. Wazee waliosema “ni maji” walikuwa sahihi kabisa. Utafiti uliongeza jambo moja: hata magadi yanayotiwa kwenye maharage na kande huweza kuongeza floridi mwilini. Hapo Ngurdoto, kituo cha utafiti kimefanya kwa miaka mingi kazi ya kuchuja maji kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Sasa mtazame Dkt. Askwar Hilonga. Alizaliwa Gongali, Karatu, akapata shahada ya uzamivu Korea Kusini, akarudi kufundisha Nelson Mandela. Akiwa hapo alibuni chujio la maji linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa mahali husika, floridi ikiwemo. Mwaka 2015 Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, yenye pauni 25,000, naye akawa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo. Mtazame pia Dkt. Neema Mduma, aliyesoma uzamivu hapo hapo Tengeru kwa kutafuta namna kompyuta inavyoweza kumtambua mapema mwanafunzi aliye hatarini kuacha shule.

Kazi hizo zilihitaji maabara, vifaa, umeme usiokatika na wasimamizi wa utafiti. Vitu hivyo haviji vyenyewe. Huombwa, hujadiliwa na kupitishwa kwenye bajeti, na bajeti ya chuo hupita mikononi mwa Baraza. Mama wa Poli, huku Meru, anayechota maji yenye floridi anahusika na kikao hicho, hata kama hajawahi kukanyaga getini.

Basi, mzazi mwenye kijana chuoni, kabla muhula mpya haujaanza mwulize jambo moja: vigezo vya tuzo za chuo chake ni vipi, na vimebandikwa wapi? Akikosa jibu, aiulize serikali ya wanafunzi na kuitaka ilifikishe swali hilo kwenye Baraza. Ina sauti humo, na ni haki yake kuitumia.