Kikosi cha Sita na Radi ya Tororo

Tororo ni mji wa radi. Kumbukumbu za hali ya hewa za mwaka 1967 hadi 1976 zilionyesha kwamba ngurumo zilisikika huko kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka, rekodi iliyouingiza mji huo wa mashariki mwa Uganda katika kitabu cha Guinness. Unyevu wa Ziwa Victoria na joto la mchana hulisha mawingu, na wenyeji wamezoea kuanua nguo kambani mapema kabla anga halijafunga juu ya Mwamba wa Tororo.

Kwa kijana wa Tororo, au wa Busia mpakani mwa Uganda na Kenya, anayecheza Pokémon, radi ina hesabu yake. Ndani ya mchezo huo kuna pigo la umeme linaloitwa Thunder. Ni pigo zito, lakini siku kavu hukosa mara tatu katika kila kumi. Mvua ikinyesha, halikosi kabisa. Anayelijua hilo hachagui tu kiumbe mwenye Thunder akaridhika. Anatafuta kwanza wa kuileta mvua, kisha wa kumlinda huyo mleta mvua, kisha wa kufaidika nayo kabla haijakatika, maana hudumu zamu tano tu. Kufikia hapo ameshaacha kukusanya viumbe anaowapenda. Anapanga kikosi.

Pokémon ilitoka Japani Februari 1996, ikichezwa kwenye kimashine kidogo cha mkononi cha Nintendo kilichoitwa Game Boy. Mchezaji huwakamata viumbe wa ajabu, huwalea na kuwapambanisha. Mwaka 1999 toleo la pili, Gold na Silver, lilifikisha jumla ya viumbe kuwa 251, hesabu ile ile ya siku za ngurumo za Tororo; ni sadfa tu, ila inafurahisha. Leo wamepita elfu moja. Watoto wengi waliijua kupitia katuni za televisheni wakadhani ni mchezo wa watoto na basi. Chini ya rangi zile kuna shindano la akili lenye mabingwa wa dunia, na jambo la kwanza linalopimwa katika shindano hilo si wepesi wa vidole. Mapambano ni ya zamu: kila upande unachagua la kufanya, mashine inatekeleza, zamu inayofuata inaanza.

Katika mashindano rasmi kila mchezaji huja na viumbe sita. Kabla ya pambano anaonyeshwa sita wa mpinzani, naye hupewa sekunde 90 kuchagua wanne atakaowatumia. Wawili huingia uwanjani kwa pamoja, wawili husubiri nje. Hakuna kiumbe anayerudiwa ndani ya kikosi, na hakuna wawili wanaoshika kifaa cha aina moja. Wote huhesabiwa kuwa wa ngazi ya 50, hivyo aliyecheza miaka mingi hamzidi mgeni kwa umri wa viumbe wake.

Anayecheza omweso ataielewa haraka roho ya jambo hili. Ubao wa omweso una mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu, na kabla ya mchezo kuanza kila mchezaji huzipanga kete zake 32 upande wake kwa namna anayoona inamfaa. Mafundi hujulikana hapo hapo, kwa mpango, kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Chesi, ambayo mchezaji Phiona Mutesi wa Katwe aliifanya ipendwe na watoto wengi wa Uganda, humpa kila mtu jeshi lile lile katika mpangilio ule ule. Pokémon inamwambia mchezaji ajichagulie jeshi mwenyewe, na uhuru huo ndio unaowaangusha wengi.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuchukua sita wenye nguvu kuliko wote. Anaweka majoka, anaongeza majoka mengine, anaingia uwanjani akiwa na kifua mbele. Kisha mpinzani analeta kiumbe mmoja wa barafu, na kikosi kizima kinayeyuka kwa udhaifu mmoja.

Sababu ni mfumo wa aina. Kila kiumbe ana aina moja au mbili kati ya 18. Maji huuzima moto, moto huyachoma majani, majani huyanywa maji. Pigo linalokutana na udhaifu huumiza mara mbili. Kiumbe akiwa na aina mbili, zote dhaifu kwa pigo lile, huumia mara nne. Gyarados ni wa maji na wa kuruka, hivyo umeme unampiga mara nne. Garchomp ni joka na ni wa ardhi, hivyo barafu inampiga mara nne, lakini umeme haumgusi hata kidogo. Ukiwaweka wawili hao pamoja, kila mpinzani anapomlenga Gyarados kwa umeme, Garchomp anaweza kuingia badala yake na pigo likapotea bure. Wachezaji hufikiri kwa jozi na utatu kama huo: nani anameza pigo ambalo mwenzake halistahimili?

Ndivyo linavyozuka swali la mvua. Mwenye kuileta anaweza kuwa Pelipper, ndege wa majini ambaye kipaji chake hufungulia mvua mara tu anapoingia. Mvua huongeza nguvu ya mapigo ya maji kwa nusu na hupunguza ya moto kwa nusu. Pembeni yake anakaa Kingdra, ambaye kwa kipaji chake kinachoitwa Swift Swim kasi yake huwa maradufu kwenye mvua: kutoka 137 hadi 274 akiwa amenolewa vizuri upande wa kasi. Ni wachache mno wanaoweza kumtangulia hapo. Ila Pelipper naye, kama Gyarados, ni wa maji na wa kuruka. Umeme unampiga mara nne. Mpanga kikosi makini anarudi kwa kiumbe wa ardhi, na Garchomp anapata kazi.

Mpinzani naye hakulala. Analeta Torkoal, kobe wa moto anayeleta jua kali. Wote wawili wakiingia kwa wakati mmoja, nani atashinda anga? Jibu linawashangaza wengi: mwenye kasi ndogo. Pelipper ana kasi ya msingi ya 65, Torkoal 20. Mwenye kasi huwasha kipaji chake kwanza, mvua inaanza. Torkoal anafuata, jua linaifuta mvua, na jua ndilo linalobaki. Hapo mchezaji wa mvua hana haja ya kukata tamaa. Anamtoa Pelipper na kumrudisha baadaye, au anamwacha nje tangu mwanzo na kumwingiza wakati Torkoal yuko tayari uwanjani. Lakini hilo lazima liwe limefikiriwa nyumbani, kwa sababu sekunde 90 hazitoshi kulibuni.

Baada ya kuchagua nani, kuna kazi ya kuwanoa. Katika Scarlet na Violet, toleo la mwaka 2022, kila kiumbe ana pointi 510 za mazoezi za kugawa katika mambo sita: uhai, shambulio la mwili, ulinzi wake, shambulio la nguvu maalumu, ulinzi wake, na kasi. Jambo moja haliwezi kuchukua zaidi ya 252. Juu yake kuna tabia 25, nyingi zikipandisha jambo moja kwa asilimia 10 na kulishusha jingine kwa kiasi hicho hicho.

Inaonekana kama hesabu za karani, lakini pointi mbili tu huamua pambano. Kasi ya msingi ya Garchomp ni 102, ya Charizard ni 100. Wote wakipewa pointi zote za kasi pamoja na tabia ya kasi, Garchomp anafika 169 na Charizard 167. Garchomp anatangulia, anarusha pigo la mawe liitwalo Rock Slide, na Charizard, ambaye ni wa moto na wa kuruka, anapigwa mara nne. Asipokuwa amenolewa uhai au ulinzi, pigo likimpata habaki. Sasa mwenye Garchomp aseme ataiacha tabia ya kasi ili apate nguvu zaidi: Garchomp wake anabaki na 154, Charizard wa 167 anatangulia, na mambo yanageuka. Kila pointi inayowekwa mahali fulani imetolewa mahali pengine. Swali la kujiuliza ni moja kila mara: pointi hizi zinanisaidia kumtangulia nani, au kustahimili pigo la nani? Zikikosa jibu lenye jina, zimewekwa vibaya.

Mfano unaosimuliwa zaidi kuliko yote ni wa Agosti 2014, mjini Washington, Marekani. Se Jun Park wa Korea Kusini aliingia katika mashindano ya dunia akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye karibu kila mtu alimwona pambo. Nguvu zake za kushambulia ni haba. Lakini Park hakumchagua ashambulie. Pachirisu alikuwa na Follow Me, pigo linalowalazimisha wapinzani wamlenge yeye badala ya mwenzake, na kipaji cha kunywa umeme, kiasi kwamba radi iliyokusudiwa kumwangamiza Gyarados wa Park ilimponya kindi. Pointi zake alizielekeza kwenye uhai na ulinzi ili asimame zamu moja au mbili zaidi. Huku wapinzani wakihangaika na kindi, Gyarados alipata nafasi ya kufanya kazi yake. Park alitwaa ubingwa wa dunia. Pachirisu peke yake asingeshinda lolote; katika kikosi kile hakuna ambaye angeijaza nafasi yake.

Bahati nayo imo, na mpango mzuri huipunguzia nafasi bila kuiondoa. Hydro Pump, pigo kubwa la maji, hupata mara 80 katika 100. Mpango unaohitaji lipate mara mbili mfululizo utafaulu mara 64 tu katika 100, yaani utavunjika zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Ndiyo maana wachezaji wengi wazoefu huchagua pigo dogo lisilokosa kuliko kubwa la kubahatisha.

Vijana wa mpakani wanaingiaje katika haya? Nintendo Switch na mchezo wake ni bei ya simu janja kadhaa za bei nafuu, na kwa familia nyingi za Busia pesa hiyo ina kazi nyingine. Njia iliyo wazi ni Pokémon Showdown, tovuti ya bure iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo hufunguka kwenye kivinjari cha simu. Mtu hahitaji kuwakamata wala kuwalea viumbe. Anaandika kikosi chake, pointi na mapigo yote, na kuingia uwanjani. Maandishi na picha ndogo hazili data kama video. Kwa kuwa mapambano ni ya zamu, intaneti ikikwama kidogo mchezo hauharibiki kama unavyoharibika mpira wa kwenye simu. Bodaboda anayesubiri abiria upande wa Kenya anaweza kupambana na mwenzake wa Busia ya Uganda bila yeyote kukaribia geti la forodha. Wala hakuna dau: kinachopanda na kushuka ni alama za cheo, zinazoanzia 1000. Katika miji ambamo kamari za simu zimewala vijana, hilo si jambo dogo kwa mzazi.

Kwa anayeanza, ushauri wa wazoefu ni wa kawaida na unafanya kazi. Achukue kikosi kilichokwisha kupangwa na mtu mwingine, acheze nacho mpaka aelewe kwa nini kila mmoja yumo. Ahifadhi mapambano aliyoshindwa na kuyatazama tena, si yale aliyoshinda. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hatajua ni badiliko lipi lililosaidia. Na aangalie ni nani kati ya sita hamchagui kamwe. Huyo ameshika nafasi ya mtu, aondolewe.

Walimu wa kompyuta na wenye mabanda ya michezo katika Busia zote mbili, Malaba na Tororo wana nafasi nzuri hapa. Kutenga saa mbili za Jumamosi kwa mchezo huu hakuhitaji mashine mpya, na ndani yake kuna asilimia, uwezekano na kupanga mambo mapema, masomo ambayo darasani huwachosha watoto. Tovuti iko kwa Kiingereza, hivyo mwanzoni watahitaji mtu wa kuwaelekeza. Sehemu ya kupangia kikosi imeandikwa Teambuilder. Kucheza hakuhitaji malipo wala barua pepe, mtu huchagua jina tu na kuanza.